Doti ya kanga haitoshi kueleza kwanta

Doti ya kanga ina vipande viwili vyenye nakshi moja na jina moja. Mtu akiikata doti hiyo Kariakoo, kipande kimoja akakituma Mwanza na kingine Muscat bila kuwaeleza wapokeaji ni kanga gani, yule wa Muscat atakapofungua furushi lake na kusoma jina, papo hapo atajua kilichoandikwa kwenye kipande kilichoko Mwanza. Hakuna simu iliyopigwa wala barua iliyovuka bahari. Hakuna ajabu pia, kwa sababu jina lilichapwa kiwandani kabla mkasi haujapita.

Mfano wa namna hii ndio unaotumiwa mara nyingi kueleza mfungamano wa kwanta, ile hali ya chembe mbili zilizotengana kuendelea kujibu vipimo kama kitu kimoja. Wengine husema jozi ya glavu, wengine jozi ya viatu. Hoja ni ileile. Mfano ni mwepesi, unakaa akilini, na unapotosha. Anayeushika vizuri anaondoka akijua kitu ambacho mfungamano sicho.

John Bell, mwanafizikia mzaliwa wa Belfast aliyefanya kazi katika kituo cha CERN karibu na Geneva, aliliona tatizo hilo mapema. Mwaka 1981 aliandika makala kuhusu soksi za mwenzake, Reinhold Bertlmann, aliyekuwa na mazoea ya kuvaa rangi mbili tofauti kwa siku moja. Ukiuona mguu mmoja una soksi ya waridi, unajua wa pili hauna. Bell aliutumia mfano huo ili kuonyesha hasa mahali unapokwama. Soksi zikapata umaarufu. Sehemu ya pili ya hoja yake, iliyo nzito zaidi, haikufika mbali hivyo.

Makala haya yanatetea jambo moja. Njia bora ya kumvusha mwanafunzi kutoka kwenye doti ya kanga hadi kwenye kwanta ni kumpa kompyuta, kumtaka aandike programu ya kuiga chembe mbili kwa kanuni za doti ya kanga, kisha kumwacha aone inavyogonga ukuta. Kumwonyesha picha inayosogea, yenye mipira miwili iliyounganishwa kwa uzi wa rangi ya samawati, hakutoshi. Kuna hatari hata ya kumrudisha nyuma.

Aliyeamini doti ya kanga hakuwa mtu mdogo. Mei 1935 Albert Einstein, pamoja na Boris Podolsky na Nathan Rosen, walichapisha makala ya kurasa nne katika jarida la Physical Review. Walisema hivi: ikiwa kupima chembe iliyo hapa kunakuwezesha kujua kwa uhakika hali ya chembe iliyo kule, bila kuigusa, basi hali hiyo ilikuwa tayari ndani ya chembe ya kule. Nadharia ya kwanta haiitaji hali hiyo popote. Kwa hiyo nadharia ina pengo. Mwaka huohuo Erwin Schrödinger akalipa jambo hili jina ambalo wanafizikia wanalitumia mpaka leo, na kwa karibu miaka 30 ubishi ukabaki wa kifalsafa, kila upande na imani yake. Mwaka 1964 Bell akaugeuza kuwa hesabu inayoweza kupimwa maabara.

Hesabu hiyo ina sura nyingi. Iliyo rahisi kuliko zote ilitungwa mwaka 1981 na David Mermin wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kwa ajili ya watu wasiojua fizikia kabisa. Richard Feynman, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu, aliisoma akamwandikia Mermin barua ya pongezi. Darasani inaweza kugeuzwa mchezo.

Asha na Juma wanakaa pamoja kwanza na kupanga wanavyotaka. Kisha wanatengwa. Asha anabaki darasani, Juma anapelekwa ofisi ya walimu, hakuna simu. Kila mmoja anaulizwa swali moja kati ya matatu: unapenda chai? unapenda kahawa? unapenda uji? Swali linachaguliwa kwa kurusha dadu, na hakuna anayejua mwenzake ameulizwa lipi. Jibu ni ndiyo au hapana. Wakiulizwa swali lilelile, majibu yao yafanane, kila mara, bila kukosea hata mara moja. Wakiulizwa maswali tofauti, wanapata alama kila majibu yanapopishana.

Sharti la kufanana linawabana. Ili wasikosee kamwe, hawana budi kukubaliana mapema juu ya vinywaji vyote vitatu: tuseme chai ndiyo, kahawa hapana, uji hapana. Hiyo ndiyo doti ya kanga, jina limeshachapwa kabla ya mkasi. Lakini vinywaji ni vitatu na majibu ni mawili tu. Vyovyote watakavyopanga, vinywaji viwili vitaangukia jibu moja. Kwa hiyo katika jozi tatu za maswali tofauti (chai na kahawa, chai na uji, kahawa na uji), walau jozi moja haitapishana. Wanaweza kubadili mpango kila raundi, wanaweza kuupanga kwa kurusha sarafu, wanaweza kuwa werevu kupita shule nzima: mchezo ukiendelea kwa muda mrefu, alama zao hazitapita theluthi mbili, yaani asilimia 66.7.

Fotoni mbili zilizofungamana, yaani chembe mbili za nuru, hupata robo tatu.

Badala ya vinywaji, fotoni huulizwa maswali kwa vichujio vya nuru, jamaa ya vile vilivyo kwenye miwani ya jua ya polaroidi, vilivyogeuzwa kwa pembe za digrii 0, 60 au 120. Zinapokutana na pembe moja, hujibu sawa. Zinapokutana na pembe tofauti, nadharia ya kwanta inasema zitapishana mara tatu kati ya nne. Asilimia 75. Kati ya theluthi mbili na robo tatu kuna pengo la sehemu moja ya kumi na mbili, na Einstein na Bell wanatengana ndani ya pengo hilo. Hakuna mpango wa mapema, uwe wa siri kiasi gani, unaoweza kulijaza.

Hapa kompyuta inahitajika, na sababu ya kwanza ni ya kitakwimu kabla ya kuwa ya kifizikia. Wanafunzi wakicheza raundi 20 kwa mdomo, bahati peke yake inaweza kuwapa alama 16 kati ya 20, na mwalimu atabaki amesimama ubaoni akitetea theluthi mbili mbele ya darasa lililoona asilimia 80 kwa macho yake. Raundi 2,000 hushusha msukosuko wa bahati hadi kiasi cha asilimia moja. Raundi 100,000 huufanya uwe mdogo mno. Hakuna darasa litakalorusha dadu mara 100,000. Laptopu kuukuu humaliza kazi hiyo kabla kengele ya kipindi haijafikiriwa.

Programu yenyewe ni mistari isiyozidi 30 ya lugha ya Python. Mwanafunzi anaandika vipande viwili, kimoja cha Asha na kingine cha Juma. Kila kipande kinaruhusiwa kupokea vitu viwili tu: swali kililoulizwa na mpango uliokubaliwa mapema. Python haijali majina yametoka lugha gani, hivyo hakuna kinachomzuia mwanafunzi kuandika jibu_la_asha na mpango_wa_siri, na inafaa afanye hivyo, kwa sababu kosa la kimantiki huonekana upesi katika lugha ambayo mtu huitumia kugombana. Kisha darasa ligawanywe makundi na lipewe shindano: atakayepita asilimia 66.7 bila kuvunja kanuni atapata zawadi.

Kundi moja litashikilia mpango mmoja daima na kupata 66.7. La pili litaubadilisha kwa nasibu na kupata 66.5 au 66.8. Jingine litaweka ndiyo kila mahali, lipate sifuri, na litajifunza kitu kuhusu kusoma masharti. Mara atajitokeza mmoja na asilimia 70, darasa litashangilia, na mistari yake ikikaguliwa itaonekana kuna mahali Asha na Juma wameulizwa swali moja wakajibu tofauti. Mwanafunzi aliyegonga ukuta huo kwa mikono yake mwenyewe, akajaribu tena, akagonga tena, hahitaji kuaminishwa kwamba ukuta upo. Huo ndio ufundishaji ambao mhadhara hauwezi kuufikia, hata uwe mzuri vipi.

Baada ya hapo mwalimu aruhusu kosa moja: kipande cha Juma kisome swali aliloulizwa Asha. Alama zitapanda mara moja, 75, 90, hata 100. Sasa darasa linaona kwa macho gharama ya kuvuka ukuta. Ili kompyuta ya kawaida ipate matokeo ya fotoni, lazima upande mmoja uchungulie upande wa pili. Feynman aligusa jambo hili katika hotuba yake ya mwaka 1981 kuhusu kuiga fizikia kwa kompyuta, hotuba ambayo inahesabiwa miongoni mwa vyanzo vya wazo la kompyuta ya kwanta: alichukua mpangilio wa Bell na kuonyesha kwamba mashine ya kawaida, ambayo kila sehemu yake inashughulika na majirani zake tu, haiwezi kuutoa. Mtakwimu Richard Gill wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, alikwenda hatua zaidi akaweka dau la fedha dhidi ya yeyote anayedai anaweza kufanya hivyo kwa kompyuta zilizotenganishwa. Mwanafunzi wa kidato cha sita, katika vipindi viwili vya mchana, anaweza kufika mahali hapohapo walipofika wakubwa hao.

Kuna swali ambalo darasa makini litaliuliza lenyewe. Ikiwa kuchungulia kunaleta 100, kwa nini fotoni zinaishia 75? Mwaka 1994 Sandu Popescu na Daniel Rohrlich waliuliza kitu cha aina hiyo, wakaonyesha kwamba ulimwengu wenye ulingano mkubwa kuliko wa kwanta usingevunja marufuku ya kupeleka ujumbe kwa kasi inayozidi nuru. Kwa nini asili imejiwekea mpaka pale ilipouweka bado ni mjadala ulio hai. Ni jambo zuri kwa kijana wa miaka 18 kuambiwa hivyo waziwazi, kwamba amefika mwisho wa barabara iliyochongwa.

Na kuna ujanja wa pili ambao mwalimu asiuzuie haraka. Atatokea mwanafunzi, mara nyingi yule anayesumbua, atakayeuliza: Asha akikataa kujibu je? Mpango ukiwa chai ndiyo, kahawa hapana, uji hapana, Asha akanyamaza kila aulizwapo kahawa, na raundi hizo zikafutwa kwenye hesabu, alama zinafika asilimia 75 kamili. Yeyote anaweza kuhakiki kwa kalamu. Theluthi moja ya raundi imetupwa, na ukuta umeonekana kuanguka bila mtu kuchungulia popote. Kijana huyo ameingia kwenye ubishi uliosumbua maabara kwa miongo kadhaa. Philip Pearle aliuonyesha ujanja wa kutupa data mwaka 1970. Vifaa vya John Clauser na Stuart Freedman huko Berkeley mwaka 1972, na vile vya Alain Aspect na wenzake huko Orsay, Ufaransa, mwanzoni mwa miaka ya 1980, vilikosa kunasa fotoni nyingi kuliko zile vilizozinasa, kwa hiyo mwenye shaka aliweza kudai kwamba zile zilizopotea ndizo zilizonyamaza makusudi. Pengo hilo na pengo la umbali, yaani uwezekano wa pande mbili kunong'onezana, hayakuzibwa yote kwa pamoja mpaka mwaka 2015, katika majaribio ya Delft, Vienna na Boulder. Clauser, Aspect na Anton Zeilinger wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2022.

Historia hiyo ndefu, ikifundishwa kwa tarehe na majina, ni orodha. Ikifundishwa kwa njia ya programu, kila jina linaingia darasani mtu anapohitaji jibu lake.

Sasa zile picha zinazosogea. Nyingi zina kasoro moja kubwa: mwandishi wa programu ameweka jibu la kwanta ndani yake, kanuni ya pembe ikiwa imeandikwa tayari, kisha mwanafunzi anabonyeza kitufe na kupata asilimia 75. Programu ya namna hiyo inakariri. Mwanafunzi hana namna ya kujua kama 75 ni kitu cha kushangaza au ni namba kama namba nyingine, maana hajaona kilichoshindikana. Pale uzi wa samawati unapowaka kati ya mipira miwili, anajifunza kwamba kuna kitu kinasafiri, na hapo inazaliwa ile hadithi ya kupeleka ujumbe kwa mfungamano, hadithi isiyo ya kweli. Programu ya darasani inaiua kwa dakika tatu: mwanafunzi achukue safu ya majibu ya Asha peke yake, katika hali ya kwanta, aihesabu. Ndiyo ni nusu, hapana ni nusu, Juma awe ameulizwa chai, uji au hajaulizwa kabisa. Ujumbe hauna mahali pa kukaa. Ulingano unaonekana tu safu mbili zinapowekwa bega kwa bega.

Si haki kuzitupa programu zote katika kapu moja. Mradi wa QuVis wa Chuo Kikuu cha St Andrews, Uskoti, ulioanza mwaka 2009 chini ya Antje Kohnle, una programu inayomwekea mwanafunzi dhana mbili, ya mpango wa siri na ya kwanta, ili apime mwenyewe ni ipi inayolingana na matokeo. Hilo ni wazo sahihi. Virtual Lab ya Quantum Flytrap, iliyoanzia Poland, humpa mtumiaji meza ya maabara yenye leza, vioo na vichujio ambavyo anavisogeza kwa kidole, na inaweza kufuata hadi fotoni tatu zilizofungamana. Na PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, iliyoasisiwa na Carl Wieman mwaka 2002, mwaka mmoja baada ya kupata Nobel, inatoa programu za sayansi bure, zikiwamo zilizofasiriwa kwa Kiswahili, na nyingi zikishapakuliwa hazihitaji tena intaneti. Mwalimu akizitumia baada ya darasa kugonga ukuta, zinang'aa. Akianza nazo, zinakuwa sinema.

Upo upinzani wenye uzito. Mwalimu wa fizikia mwenye wanafunzi 70 na maabara isiyo na gesi ana haki ya kuuliza kwa nini aongezewe kwanta. Jibu la kweli ni kwamba mzigo huu haumhitaji yeye peke yake. Mchezo wa chai, kahawa na uji hauna mlinganyo hata mmoja wa fizikia. Una sehemu, uwezekano na mantiki, mambo ambayo yamo katika hisabati ya sekondari. Mwalimu wa hisabati au wa kompyuta anaweza kuubeba, na klabu ya sayansi inaweza kuumaliza Jumamosi moja. Shule isiyo na kompyuta inaweza kuanza kwa kadi na dadu, kisha kuazima laptopu moja kwa ajili ya raundi 100,000. Ukilinganisha na maabara halisi ya fotoni zilizofungamana, ambayo inahitaji leza, fuwele maalumu na vifaa vya kunasa fotoni moja moja vyenye bei ya maelfu ya dola, laptopu ya kuazima ni karibu na bure.

Mwingine atasema uigaji si jaribio, kompyuta inatoa kile ilichoambiwa. Ni kweli, na ndiyo maana namna ya kuitumia ni muhimu kuliko kuitumia. Kompyuta haiwezi kuthibitisha kwamba fotoni zinapata 75. Hilo ni la maabara. Inachoweza kuonyesha, kwa ukali usiokwepeka, ni kwamba dhana fulani haiwezi kutoa 75. Kukanusha dhana kwa hesabu ni kazi halali ya sayansi, na kompyuta huifanya bila upendeleo kwa Einstein wala kwa Bell.

Kiswahili kinaweza kusaidia hapa kuliko watu wanavyodhani. Neno mfungamano lina kamba ndani yake, na mwalimu inampasa aiondoe kamba hiyo mapema. Lakini kauli ya kutendana ni hazina. Mtu hawezi kusema "Asha anafanana" akanyamaza. Msikilizaji atauliza, na nani? Kufanana si mali ya Asha wala ya Juma, kunakaa kati yao. Schrödinger alieleza jambo la namna hiyo mwaka 1935: unaweza kujua yote yanayojulikana kuhusu jozi nzima, na bado usijue yote kuhusu kila mmoja. Kwa kawaida watu wawili hufanana kwa sababu kila mmoja ana sura. Fotoni mbili zilizofungamana zinafanana kabla hazijawa na sura. Sentensi hiyo ni ngumu kuikubali, ila si ngumu kuisema, na mtoto aliyekulia katika lugha yenye kupendana, kuonana na kulingana ana pa kuishikia. Ni hasara kwamba anayakuta mambo haya kwa mara ya kwanza katika lugha ya kitabu tu.

Afrika haikuwa mtazamaji katika safari hii. Umoja wa Mataifa ulipoutangaza mwaka 2025 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Sayansi na Teknolojia ya Kwanta, rasimu ya azimio iliwasilishwa rasmi na Ghana. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, kilikuwa cha kwanza barani kuingia katika mtandao wa kompyuta za kwanta wa IBM, na mpango ukawa kiwe mlango kwa vyuo wenzake katika umoja wa vyuo vya utafiti vya Afrika, ambamo vimo Dar es Salaam, Nairobi, Makerere na Rwanda. Mlango wa chuo kikuu ni jambo la maana. Lakini kijana anayeingia chuo akiwa bado na doti ya kanga kichwani atapoteza mwaka mzima kuifungua, na kuna wengine ambao hawaifungui kamwe.

Uigaji una kikomo chake pia, na kikomo hicho ni somo. Ili kuhifadhi hali ya biti 30 za kwanta kwa ukamilifu, kompyuta ya kawaida inahitaji kukumbuka namba zaidi ya bilioni moja, kiasi cha gigabaiti 17. Kila biti inayoongezwa huzidisha hitaji hilo mara mbili. Zikifika 40, ni terabaiti zaidi ya 17, na laptopu ya shule imeachwa mbali sana. Wanafunzi waache waone kumbukumbu inavyojaa. Hapo wataelewa kwa nini kuna watu wanaojenga mashine za aina nyingine.

Mashine hizo hazifichwi. Mei 2016 IBM iliweka kompyuta ndogo ya kwanta yenye biti tano kwenye intaneti, na mpaka leo mtu mwenye akaunti anaweza kupata dakika chache za mashine halisi bila malipo. Darasa lililomaliza shindano la Asha na Juma linaweza kutuma mchezo uleule huko, likasubiri foleni, na kupokea namba. Inayotarajiwa ni ya juu ya 66.7 na chini ya 75, kwa kuwa mashine ina makosa yake, na mara kadhaa itavunja hata sharti la kujibu sawa. Wanafunzi watashangilia. Itambidi mwalimu awaambie ukweli mmoja zaidi: kwenye kipande cha silikoni cha mashine hiyo Asha na Juma wamekaa umbali wa milimita chache, na hakuna aliyewazuia kunong'onezana. Ndiyo sababu mwaka 2015 watafiti wa Delft waliweka almasi mbili katika majengo yaliyoachana kwa karibu kilomita 1.3, wakauliza maswali yao kwa kasi ambayo hata nuru isingewahi kubeba mnong'ono kutoka jengo moja hadi jingine, na hawakufuta raundi yoyote kwa sababu ya ukimya. Kwa saa 220 za kupima, zilizotawanyika ndani ya siku 18, walipata jozi 245. Katika toleo lao la mchezo, ambamo mpango wa mapema hauwezi kupita 2, zilitoa 2.42.